Mfuniko Uelekee Dirishani

Jumanne, 2 Machi 1999

Daftari hili nimelifungua kwa ajili ya ushahidi. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa, na najua kwamba mlalamikaji asiye na tarehe hana kesi. Jana Tito alijaza petroli mjini, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa kiti cha mbele, na tanki likafika shingoni. Leo saa nne asubuhi nimemtuma Monica ufunguo, nimejikongoja hadi kwenye gari, nikawasha umeme tu bila injini. Mshale umeshuka hadi robo tatu. Gari halijatoka hapa uani tangu jana.

Tito ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ana miaka arobaini na moja, mke na watoto watatu, na ndiye anayenipeleka hospitali tangu moyo wangu ulipoanza kuchoka na miguu kuvimba. Monica ni binti yangu, amerudi kunitunza. Sijawaambia kitu, wala yeye wala Tito.

Alhamisi, 4 Machi

Mshale uko palepale, robo tatu. Mwizi huyu ana nidhamu.

Jumamosi, 6 Machi

Nieleze gari, ili atakayesoma baada yangu asipotee. Ni Pijo 504 ya mwaka 1976, rangi ya maziwa, usukani upande wa kushoto. Daktari mmoja Mmarekani wa misheni alilileta kutoka kwao, akaniuzia mwaka 1981 alipokuwa anaondoka. Mke wangu Veronika alipofariki, mwaka 1992, nililiweka juu ya mawe na kulifunika turubai. Mwaka jana Tito akalifufua.

Tangu zamani nina sheria moja. Ua wetu umeinama, kama nyua zote za huku Uru mlimani. Gari linaegeshwa kichwa juu, mkia chini, na mfuniko wa tanki uelekee dirisha la chumba changu. Nikiwa nimelala nauona.

Leo tumeshuka mjini tena. Kijana wa sheli alichomoa bomba mapema.

"Babu, imejaa."

"Haijajaa. Tito, shuka ulitikise gari hewa itoke."

"Babu, petroli ipo. Hata kesho ipo, hata usiku ipo."

"Hata mwaka sabini na tisa tuliambiwa hivyohivyo," nikamjibu. Wenzake wakacheka. Hawa hawakulala foleni siku tatu wakiwa na kibali mkononi, wala hawakuona Jumapili magari yakipigwa marufuku kuanzia saa nane mchana. Siku hizi vituo vimeota kama uyoga na kila mwenye duka ana gari kutoka Japani. Mimi najaza mpaka niione petroli yenyewe ikimetameta shingoni. Ndivyo tufanyavyo wote tulioishi miaka ile.

Njiani Tito akasema, "Baba mkubwa, mafundi wanasema si vizuri kujaza mpaka juu kabisa."

Nikamuuliza ni mafundi gani. Hakuwa na jina hata moja.

Kwa nini mtu asitake tanki lijae? Kwa sababu tanki likijaa, kinachopungua kinaonekana. Maneno hayohayo nilishaambiwa na dereva mwingine, Athanas, mwaka 1986. Naye alikuwa mwizi.

Jumapili, 7 Machi

Robo tatu.

Jumatano, 10 Machi

Nimeagiza mshumaa uliobarikiwa wa Kandelaria kutoka kwenye kasha la Veronika. Monica alidhani nataka kusali. Nimeudondoshea nta mfuniko wa tanki pande zote, nikaikandamiza kwa kidole gumba. Atakayefungua lazima aivunje.

Jumatatu, 15 Machi

Leo hospitali. Daktari amepima, amesikiliza, kisha akaniuliza nina watoto wangapi. Daktari anayeuliza hivyo ameshamaliza kupima.

Asubuhi kabla ya kuondoka nilikagua nta. Nzima, na alama ya kidole changu imo. Tukajaza mjini baada ya hospitali, nikaivunja mwenyewe pale sheli. Tukiwa tunapanda kurudi, pale kwenye mlima mkali kabla ya daraja, gari likaanza kukohoa, likavuta mara mbili, likazimika. Tito hakufungua boneti. Alishuka akakimbilia moja kwa moja nyuma, kwenye tanki. Nikasikia mfuniko ukifunguka, na sauti kama ya mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama majini. Akarudi, akapiga stata, gari likawaka.

"Limefanyaje?" nikauliza.

"Lilikuwa linabanwa na hewa, baba mkubwa. Hata mwezi uliopita lilifanya hivi."

Mwezi uliopita hakuniambia. Na mimi najiuliza: gari likizimika, mtu mwenye nia njema anaangalia injini. Kwa nini huyu anayajua sana mambo ya tanki?

Nilipofika nyumbani nikaweka nta mpya.

Jumanne, 16 Machi

Mvua ya kwanza. Nyepesi, lakini migomba imeitikia.

Jumatano, 17 Machi

Nta nzima. Mshale robo tatu.

Nimekaa na jambo hili asubuhi yote. Ama ana mshumaa kama wangu, na kidole kama changu, ama ana njia nyingine kutoka chini ya gari. Nimemwita Monica aniangalizie chini. Anasema haoni kitu ila kwamba nyasi nyuma ya gurudumu zimekauka, na udongo unanuka petroli.

"Basi hapo ndipo anapokingia," nikasema. "Anayenyonya mafuta humwagikiwa."

"Nani, baba?"

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama mama yake.

Alhamisi, 25 Machi

Mvua siku nane mfululizo. Supu ya mtori, dawa, kulala. Veronika alikuwa akilalamika kwamba chumba chetu kinanuka petroli. Leo nimeisikia harufu hiyo kama vile yeye ndiye amefungua mlango.

Jumatano, 31 Machi

Padre amenijia kunipa kitubio kabla ya Pasaka, kwa kuwa siwezi kupiga magoti kanisani. Nimeungama hasira, uvivu wa sala, na neno kali kwa Monica. Akauliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna. Nje mvua ilikuwa imekatika na lile gari lilikuwa linanitazama.

Jumamosi, 3 Aprili

Tito amejaza kwa ajili ya sikukuu. Nta.

Jumatatu, 5 Aprili. Jumatatu ya Pasaka

Niandike kama ilivyotokea.

Familia ilikuwa imekusanyika: Monica, Tito na mkewe Flavia, watoto wao, na jirani yetu mwalimu Eliezeri na mkewe. Mbuzi alikuwa ameshakatwa, pombe ya mbege ilikuwa mezani. Kabla ya kula nilimwomba Eliezeri atoke akasome mshale. Akarudi akasema, "Robo tatu, mwalimu. Mafuta bado mengi."

"Juzi lilikuwa limejaa," nikasema. "Tito, waeleze wageni robo imekwenda wapi."

Flavia aliweka chini bakuli alilokuwa amelishika.

"Sijui, baba mkubwa."

"Mara nne katika mwezi mmoja. Nina tarehe." Nikalifungua daftari hili nikawasomea. Nilisoma vizuri, kama nilivyokuwa nikisoma matokeo ya mtihani, na nakiri kwamba sauti yangu ilikuwa na nguvu kuliko siku yoyote tangu Krismasi.

Tito alisikiliza hadi mwisho. "Baba mkubwa, mimi nikitaka petroli nitakuomba. Gari hili nililitoa kwenye mawe kwa mikono hii. Nilichokilipia kwenye spea sijakitaja hata siku moja."

"Athanas naye alisema hivyo."

"Athanas ni nani?" akauliza mtoto wake mkubwa. Mama yake akamfunika mdomo kwa kiganja.

Tito akainuka, akaweka ufunguo kando ya sahani yangu, taratibu, usigonge. Akasema, "Flavia, twende." Wakaondoka bila kula. Monica akawafuata na nyama kwenye hotpoti, akarudi nayo.

Jumanne, 6 Aprili

Tito amekwenda Bomang'ombe kwa shemeji yake. Atakaa huko, Flavia amemwambia Monica. Monica haongei nami ila kwa habari za vidonge.

Jumapili, 11 Aprili

Jana mwalimu Eliezeri alinipeleka hospitali kwa gari langu, akajaza tanki shingoni nilivyomwelekeza, akaliegesha, akanipa ufunguo. Nimelala nao chini ya mto. Nta ipo.

Jumatatu, 12 Aprili

Nilikaa dirishani tangu alfajiri, blanketi magotini. Monica aliniletea chai hapohapo. Hakuna aliyelisogelea gari ila kuku. Saa tano mawingu yakafunguka, jua likatoka kali, likapiga bati la gari mpaka mvuke ukapanda. Nikasikia harufu.

Saa saba nikajikongoja nje na ufunguo wangu.

Robo tatu.

Jumatano, 14 Aprili

Jana sikuandika. Nilikaa na kalamu tu.

Tito yuko Bomang'ombe. Ufunguo ulikuwa chini ya mto wangu. Nta ilikuwa nzima. Macho yangu mwenyewe ndiyo yaliyokuwa walinzi. Mtu mwingine angeshangaa. Mimi sikushangaa, na hilo ndilo linalonilazimu kuandika sasa. Moyo wangu jana uliruka mara mbili kama gari lile mlimani, na sijui kurasa ngapi zimebaki.

Athanas alikuwa dereva wangu tangu 1982. Nilikuwa mkaguzi wa shule, nazunguka kutoka Rombo hadi Hai. Alikuwa mtu wa hapa hapa Uru, kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, kiko mabonde mawili kutoka kwetu. Miaka ile ya uhaba tanki halikujaa hata siku moja, na katika miaka hiyo hatukupoteza hata tone. Mwaka 1986 petroli ikaanza kupatikana. Nikaanza kujaza shingoni, na mafuta yakaanza kupotea. Athanas akaniambia, "Mwalimu, usijaze mpaka juu. Gari hili lina bomba lake la kupumulia. Ukiliegesha limeinama, linatapika." Mimi nikasikia maneno ya mtu anayejificha. Wakati huo nilikuwa nimeshaagiza mfuniko uelekee dirishani.

Nikamfukuza. Ingekuwa hilo tu, ningeweza kuliungama Jumatano ile ya padre. Lakini yeye alikuwa ameshapata nafasi ya kuendesha gari la zahanati ya kanisa. Nikaandika barua kwa kamati kwamba si mwaminifu, na nikaomba isomwe kanisani Jumapili baada ya matangazo, ili wengine wajihadhari. Ikasomwa. Nakala ninayo, ya kaboni. Katika mwaka mmoja Athanas aliacha kihamba kwa kaka yake akashuka Mabogini kulima mpunga. Mchagga kushuka tambarare na kuacha migomba ya baba yake si jambo dogo. Watu walisema aibu imemsukuma. Mimi nilisema dhamiri imemsukuma.

Sasa sehemu ambayo hakuna anayeijua.

Kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda hiki mna shajara zangu zote. Nimemwomba Monica anitolee ya 1986. Ukurasa wa tarehe 3 Julai, siku kumi na tisa baada ya Athanas kuondoka, nikiwa naendesha mwenyewe, nimeandika kwa mkono wangu: "Jana nilijaza. Leo mshale umeshuka tena kufika palepale. Ufunguo ninao mimi."

Nililiona. Nikaliandika. Nikageuza ukurasa. Nilikuwa na wiki nzima ya kuwahi kanisani na kuifuta ile barua, kabla zahanati haijachukua dereva mwingine. Nikajiambia ni joto. Nikajiambia labda yeye ndiye aliyeharibu kitu kabla ya kuondoka. Veronika aliniuliza usiku mmoja, "Kornel, sasa anayeiba ni nani?" Nikamwambia alale. Hakuuliza tena mpaka alipokufa.

Miaka kumi na mitatu nimejua. Na mwezi uliopita nikafungua daftari jipya nikaanza kumtengenezea Tito kesi ileile.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua. Nimemwambia Monica aite fundi.

Jumanne, 20 Aprili

Fundi ni mwanamke. Anaitwa Gladys, anaimba kwaya moja na Monica, ana gereji nyuma ya soko la Mbuyuni. Amepanda na mfuko wa spana begani na kofia ya plastiki kwa ajili ya mvua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umesomea wapi?"

"Chuo cha ufundi, babu, halafu kwenye magari ya watu. Wewe ulisomea wapi kuumwa?"

Monica alikohoa. Mimi nilicheka, kifua kikauma.

Nikawekewa kiti barazani. Hakuanza na tanki. Alifungua boneti, akapekua pembeni, akainua kopo jeusi la ukubwa wa kopo la maziwa ya watoto, lenye mabomba matatu ya mpira.

"Babu, hiki unakijua?"

Nikasema nimekiona miaka kumi na minane nikidhani ni cha maji.

"Ndani mna mkaa. Magari haya ya Japani yanayoingia siku hizi yote yanacho, ndiyo maana nakijua. La kwako lilitengenezwa kwa ajili ya Amerika, na wao hawataki mvuke wa petroli utoke nje. Tanki limefungwa kabisa, halipumui kwa mfuniko. Linapumulia kwenye bomba hili, mvuke unakuja kwenye mkaa, mkaa unaushika. Ukiwasha gari, kabureta inaunyonya mvuke na kuuchoma." Akalitikisa kopo karibu na sikio langu. Lilisikika zito, kama nazi. Akaliinamisha, na petroli ikatoka nyeusi, yenye chengachenga. "Mkaa ni wa kushika mvuke. Huu umelewa petroli yenyewe. Nani anajaza mpaka shingoni?"

"Mimi."

"Mpaka juu?"

"Na tunalitikisa."

Akatingisha kichwa kama muuguzi. "Basi umeujaza mkaa petroli, ukawa uji, ukaziba. Tanki halina pa kupumulia. Likipanda mlima linavuta petroli, hewa haiingii, linajibana mpaka gari linazimika. Ukifungua mfuniko linavuta pumzi, linawaka. Halijawahi kuzimika mlimani?"

Nikasema limewahi. Nikasema dereva wangu alikimbilia mfuniko.

"Huyo dereva anajua kazi."

Kisha akaingia chini ya gari, kwa nyuma, juu ya gunia. Akaomba tochi. Akakaa huko muda mrefu, miguu yake nje kwenye tope. Alipotoka alikuwa na kipande cha mpira mweusi, akakikunja mbele yangu. Kilipokunjwa, ufa ukafunguka kama mdomo. Alipokiachia, ukafunga, usiuone.

"Huu ulikuwa juu ya tanki, huwezi kuuona mpaka ulale chali. Tanki likivuta, ufa unajifunga. Likisukuma, unafunguka. Umejaza shingoni, umeliegesha kichwa juu, kwa hiyo petroli yote imekaa mkiani, juu ya bomba. Jua likitoka petroli inatanuka, inasukuma, inatokea hapa, inateremka nyuma ya gurudumu, udongo unainywa. Inapofika chini ya bomba inaacha. Mshale wako unasimama wapi?"

"Robo tatu. Kila mara."

"Babu," akasema huku akifuta mikono, "mwizi gani anakunywa mpaka hapo tu?"

Nikamuuliza ufa huo una umri gani. Akasema hawezi kuapa, lakini mpira umekauka kiasi kwamba anadhani ni wa zamani, pengine kuliko ndoa yake. Kisha akauliza kwa nini tunaliegesha namna ile, wakati kuligeuza tu kungeokoa mafuta. Monica akamjibu kabla yangu.

"Baba anapenda kuuona mfuniko."

Ijumaa, 23 Aprili

Mpira mpya umepatikana Holili. Kopo jingine pia limepatikana. Gladys amelitoa kwenye gari lililogongwa. Amesema nisijaze tena baada ya bomba la sheli kukata lenyewe. Nimeahidi. Nimekaa nikilichunguza kopo la zamani na nimejikuta nikishuku hata yeye. Tabia haina spana.

Jumapili, 25 Aprili

Tito amekuja, Monica amemwita. Tulikuwa wawili sebuleni.

"Tito, nilikosea."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. "Baba mkubwa, ulikosea siku ya Pasaka, mbele ya mke wangu, mbele ya watoto wangu na mwalimu Eliezeri, nyama ikiwa mezani. Leo tuko wawili."

Nikamwambia awaite. Wakaja wote jioni, na Flavia alikaa karibu na mlango. Nikalifungua daftari hili nikasoma tena, safari hii hadi tarehe 20 Aprili, pamoja na kuku na mpira. Tarehe 14 niliiruka.

Mtoto mkubwa akauliza tena, "Athanas ni nani?"

Hakufunikwa mdomo. Wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Nitakwenda kwake." Tito akachukua ufunguo mezani.

Jumamosi, 8 Mei

Wiki mbili nimeshindwa kuinuka. Leo nimeinuka.

Monica alikata isale kwenye mpaka wa kihamba, jani refu lililonyooka, akalifunga fundo. Kwetu mtu akiletewa isale na aliyemkosea hawezi kukataa. Akikataa, laana inamgeukia yeye. Nilikuwa na vitu vitatu: isale, barua mpya kwa kanisa inayofuta ile ya zamani, na kipande cha mpira cha Gladys kwenye bahasha. Njiani kuteremka nilikuwa nimepanga maneno. Ningesema: tazama, Athanas, fundi ameligundua juzi tu. Mpira ulitudanganya mimi nawe. Ni maneno mazuri. Hakuna hata moja la uongo ukiyachukua mojamoja.

Lakini asubuhi, wakati Monica ananivalisha koti, nilichana ule ukurasa wa tarehe 3 Julai nikautia mfukoni. Sikujua kama nitautoa.

Mabogini maji yalikuwa yamejaa majarubani, mpunga umefika magotini. Miguu yangu ilikataa kushuka, nikabaki ndani ya gari na dirisha wazi. Tito alikwenda kumwita. Akaja kwa kutembea juu ya tuta, suruali imekunjwa, matope hadi kwenye goti, nywele nyeupe. Alisimama akalitazama gari kabla hajanitazama mimi. Akapita nyuma, akainama, akanusa.

Kisha akaja dirishani. "Shikamoo, mwalimu."

Nilisogeza isale kutoka magotini.

"Hilo jani liache kwanza," akasema. "Ukinipa nitalazimika. Nataka kusikia kabla sijalazimika."

Nikamwonyesha mpira. Akaukunja, ufa ukafunguka, akatabasamu kidogo, upande mmoja. "Nilikuambia linatapika."

"Uliniambia."

Nikampa barua mpya. Akaisoma yote, midomo ikitembea. "Itasomwa?"

"Pentekoste, baada ya matangazo. Padre amekubali."

"Vizuri." Akairudisha, akaegemea mlango wa gari, akatazama mashamba. Akauliza bila kugeuka:

"Mwalimu, ulijua lini?"

Hapo palikuwa na jibu langu zuri, limeshapangwa. Tito alikuwa amesimama mbele ya gari, anasikia. Monica alikuwa kiti cha nyuma. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema "juzi."

Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa ukurasa.

Alisoma mstari ule mmoja kwa muda mrefu kuliko barua yote. Akaangalia tarehe. Nilimwona akihesabu moyoni.

"Mke wa kaka yangu alinihesabia siku tulizoingoja kazi ile," akasema. "Zahanati walimwajiri yule mwingine tarehe kumi."

"Ndiyo."

"Wewe ulijua tarehe tatu."

"Ndiyo."

Akaukunja ukurasa mara nne, akautia mfuko wa shati. "Mpira nilishausamehe siku nyingi, mwalimu. Nilikuwa nawaambia watu, yule mzee ni mkaidi tu, gari ndilo linalomdanganya. Miaka yote hii nimekutetea." Akapangusa matope ya mkononi kwenye suruali. "Jani lako liache hapo kwenye dashibodi. Nikiliweza nitalifuata mwenyewe."

Akarudi juu ya tuta. Tito aliwasha gari, tukapanda mlima bila kuzimika hata mara moja.

Jumapili, 16 Mei

Siwezi kutoka kitandani. Nimeungama kwa padre, na tarehe 14 Aprili pia.

Jumapili, 23 Mei. Pentekoste

Barua imesomwa. Monica anasema mzee mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Ndiyo anasema leo?" Athanas hakuonekana kanisani. Niliongeza mstari mmoja usiku wa kuamkia leo, Monica akiniandikia: kwamba nilijua tangu tarehe 3 Julai 1986.

Jumamosi, 29 Mei

Mvua inapungua. Mlima umejitokeza asubuhi, theluji hadi chini.

Saa tatu nilisikia sauti uani, nikamwona Athanas kupitia dirishani, amevaa koti la Jumapili. Hakuingia ndani. Alizungumza na Tito, Tito akampa ufunguo. Akaingia kwenye gari, akalirudisha nyuma hadi chini ya ua, akakata usukani mara tatu pale penye nafasi ya baiskeli tu, kama alivyokuwa akifanya zamani, akalipandisha kinyumenyume na kuliegesha, kichwa kikitazama bondeni. Akazima. Akakaa ndani kidogo. Akashuka, akafunga mlango kwa mkono wote, akaondoka kwa njia ya kihamba cha baba yake.

Kutoka hapa kitandani naona taa za mbele na kioo. Mfuniko wa tanki siuoni tena. Nimetaka kumuuliza Tito mshale uko wapi, nikauma ulimi.

Jioni Monica ameingia na chai. "Baba, lile jani halipo kwenye dashibodi. Nimeangalia hadi chini ya viti. Niulize aliyelichukua?"

Nimemwambia asiulize.